Kabla Hujapanda Meli, Nyemo

Nimesimama na mkasi wa kupogolea, mdogo wangu,
na haya nakwambia harakaharaka,
maana treni yenu ya umeme ni ya alfajiri
na Mama ameshafunga begi mara tatu,
kila akilifungua anaongeza karanga.

Mwache na karanga zake.
Huko melini, nasikia, chakula hakina mwisho,
unajipakulia mpaka sahani inaomba radhi.
Lakini usiku wa pili, saa tisa,
tumbo likianza kubishana na mawimbi,
utazipapasa gizani hizo za chumvi za Hombolo
na hutakuwa na wa kumwomba ila yeye.
(Vidonge vya kichefuchefu meza kabla.
Mimi nilimeza baada. Muulize shemeji yangu viatu vyake.)

Una miaka ishirini, najua.
Ulitaka kwenda na wenzako wa chuo,
mpige picha, mcheke mpaka mfukuzwe sitahani.
Badala yake umepewa chumba kimoja na Bibi Mbeleje
anayekoroma kama mashine ya kusaga inayotaka dizeli.
Chukua kitanda cha juu.
Taa ya bafuni usiizime.
Asubuhi usimsimulie mtu.

Baba atavaa suti, ile ya kaki aliyostaafia.
Ataivaa juani, katikati ya watu wenye kaptula,
kalamu mfukoni kana kwamba bahari itasainishwa.
Ukiona aibu inakupanda shingoni
nenda kanywe maji, kisha urudi ukae karibu naye.
Kiinua mgongo chake chote kimo ndani ya tiketi hizo.
Wajomba walisema anunue trekta.

Na Bibi, mkishuka ufukweni,
atachovya kidole, ataonja, atasema:
"Kumbe ni ya kisimani kwetu."
Usicheke.
Miaka themanini amechota chumvi kutoka ardhini,
akaipikia, akatuogeshea, ikamng'oa meno;
bahari haina la kumfundisha
ila ukubwa.

Sasa hili halimo begini.
Mwaka ule Baba aliponipeleka Kolo kuona michoro ya mapangoni
nilikuwa na umri wako na muziki masikioni.
Kutoka Mayamaya mpaka Kondoa
nilimwona kwenye kioo cha dirisha, midomo ikicheza,
kidole kikionyesha kilima, mbuyu, sijui nini,
nami natikisa kichwa kufuata ngoma.
Juzi nilimuuliza: siku ile ulikuwa unasema nini?
Akasema, "Nimesahau. Yalikuwa ya njiani."

Ya njiani, Nyemo.

Wewe hajakwambia, na Mama anajua nusu.
Daktari wa Mvumi amempima mara mbili.
Presha ya macho. Anaona kati tu,
pembeni pameshazimwa, kama mtu anayechungulia kwenye bomba,
na bomba linazidi kuwa jembamba.
Ndiyo maana hakununua trekta.

Kwa hiyo ngazi za meli zikiwa nyembamba
usimshike mkono, atakustukia.
Shika kiwiko chake, kwa nguvu,
kana kwamba ni wewe unayeogopa.
Na mkisimama pale ukingoni
usimwambie "ni pazuri", hilo halimsaidii.
Sema: maji ya hapa ni kama jani la mzabibu likiwa jipya,
ya kule ni kama jani lililopigwa dawa,
na pale mbali, Baba, pana mstari, umenyooka
kuliko barabara yoyote ya kwetu.
Mwache aulize. Mjibu hata akirudia.

Haya, nenda kalale.
Mimi nimebaki na safu sita, na jua halingoji.
Niletee maji ya bahari, chupa ndogo ya soda inatosha,
nataka kuonja mwenyewe
kama Bibi anasema kweli.