Swichi ya Mihayo

Naingiza kikombe, nafunga kamlango,
nabonyeza dakika moja,
tak.
Nyumba nzima inanyamaza,
friji linakata pumzi katikati ya neno.

Mara ya kwanza niliilaumu Tanesco.
Mara ya tatu nikachungulia kwa jirani: taa zinawaka,
redio yake inatangaza bei ya tumbaku.
Cheyo yote ina umeme, isipokuwa mimi.

Basi nikaanza kubagua, kama achambuaye mchele.
Pasi peke yake, sawa.
Friji peke yake, sawa.
Maikrowevu nikaihamishia soketi ya sebuleni,
tak.

Fundi wa kwanza alikuja na jibu mfukoni.
"Mama, swichi hii ina wasiwasi tu. Niiruke,
niunge waya moja kwa moja, utasahau."
Elfu kumi.

Nikaitazama.
Aliifunga kaka yangu Mihayo,
siku ileile aliyochimbia fito ya shaba uani
nami namsimamia kichwani: swichi ya bei hiyo ya nini,
nyumba yenyewe taa nne?
Hakujibu. Alimwaga maji penye fito, akakanyagia udongo.
Sasa udongo uko juu yake,
na ubishi wake umebaki ukutani.

Nikamwambia fundi: chai hiyo, kunywa, uende salama.

Nyanzala alikuja Jumamosi na bisibisi ya mpini wa mpira.
Alichomoa plagi, akafungua bati la mgongoni,
akanizuia mkono.
"Umeme wa humu haujaondoka. Umejilaza."
Akagusisha chuma kwa chuma, ukakohoa cheche.
Kisha akamulika tochi, akacheka.

Sisimizi.
Msafara mzima, umekaukia njiani
toka tundu la hewa hadi kwenye transfoma,
weusi, wamegandana, daraja la maiti
ambalo umeme ulilivuka kwenda kwenye bati,
kwenda kwenye kidole changu, kama si ile tak.

Na chini yao, asali.

Nikakumbuka Julai. Baridi iliigandisha asali ya Sikonge,
nami sikuwa na subira ya jua;
niliipasha na chupa yake, ikafurika,
nikafuta palipoonekana.

Siku hizi naianika dirishani.
Na kila mwisho wa mwezi, kabla sijalala,
nabonyeza kile kitufe kidogo cha kujaribia.
Tak.
Giza.
Haya, kaka. Nimesikia.