Birika la Velta

Miaka thelathini na moja nimeendesha tramu Daugavpils,
reli ikiniamulia pa kukata kona.
Brashi haina reli.

Jikoni, juu ya gazeti la juzi,
nimechora birika la Velta mara tisa.
La kwanza lilitoka bata.
La nne lilimchekesha hadi akakaa chini:
"Maskini, hili lina mafua."

Mwalimu sina. Nina kitabu cha maktaba
chenye doa la kahawa ukurasa wa vivuli,
na rangi sita, mbili zimeshaganda.
Mkono unatetemeka kama wa mtoto wa chekechea,
ila mtoto hajui aibu.

Leo asubuhi nimetazama dirishani, nimetazama kweli:
theluji juu ya paa la Rudzītis ni ya buluu,
na karibu na bomba la moshi, rangi ya ufizi.
Miaka yote ile
niliipita nikiiita nyeupe.

La kumi bado limepinda mdomo.
Velta amelibandika kwenye friji bila kusema neno,
kisha akanimiminia chai
katika kikombe cha kusuuzia brashi.
Nimekunywa nusu
ndipo nikagundua.