Vitundu vya Kofia

Mama hakuwauliza walikotoka.
Aliwauliza kama wamekula,
kisha akavitazama vidole vya mvulana,
virefu, kucha zimetafunwa,
akasema: hivi vya sindano.

Ilikuwa Mei, Sib, nyuma ya soko,
milango ya chuma imewaka jua, haigusiki.
Ghamdan, miaka kumi na saba. Balkis, kumi na miwili.
Kutoka Taizi kwa lori, kwa miguu, kwa lori tena,
na mpakani siku ambazo hawakutaka kuzihesabu.
Binamu wa marehemu mama yao, dereva wa gari la maji,
ndiye aliyewapa chumba.

Kofia huanza na vitundu.
Unakitoboa kitambaa cheupe,
kisha kila kitundu unakizungushia uzi
mpaka kikaze kama jicho la dagaa.
Usichokishona, husema Mama,
siku moja kitaila kofia nzima.
Ghamdan alisikiliza. Kiarabu cha Mama
kina chumvi ya Wete, miaka sitini haijaiosha.
Yeye naye alifika hapa mtoto wa miaka tisa
na kopo la biskuti, ndani kanga mbili
na ufunguo wa mlango uliokwisha kuwa wa wengine,
na watoto wa mtaa wakamcheka alivyoomba maji.
Hayo hakumwambia Ghamdan.
Alimpa uzi.

Novemba, usiku wa sikukuu ya taifa,
fataki zikapasuka juu ya mapaa,
Balkis haonekani.
Mara viatu vyake, chini ya meza ya kukatia.
Nikainama nimwambie ni furaha tu, ni rangi, njoo uone.
Mama akanisukuma kwa goti,
akakusanya kanzu yake, mifupa ikimlia,
akaingia chini ya meza, akaketi.
Walipotoka walikuwa na vumbi la chaki magotini,
na Balkis anajua kuhesabu kwa Kiswahili
hadi arubaini na moja.
Hapo ndipo fataki zilipokwisha.

Kofia ya kwanza aliyoichora Ghamdan mwenyewe
haikuwa na maua, wala nyota, wala korosho.
Nusu duara, nusu duara, vipande ndani ya vipande.
Dirisha, akasema. Lile dogo, la juu,
la vioo vya rangi. Asubuhi mkeka wetu ulikuwa mwekundu
hadi hapa, na kijani hadi hapa.
Kitundu kimoja alikiacha, nyuzi zinaning'inia.
Mama akavaa miwani.
"Kishone."
"Ndivyo lilivyokuwa."
"Najua. Lakini hii inakwenda kichwani kwa mtu."
Siku mbili hakusema na yeyote.
Siku ya tatu alikishona,
kwa uzi wa zambarau, hicho peke yake.

Akainunua bwana harusi wa Khodh.
Shemeji zake wakaitaka. Kisha mwalimu wa jiografia,
kisha fundi wa viyoyozi na wanawe.
Sasa huingia dukani: nataka ile ya dirisha.
La nani, hawaulizi.

Ijumaa moja, kutoka safu ya nyuma,
Ghamdan aliyahesabu. Saba.
Madirisha saba yakainama pamoja,
yakainuka pamoja,
vioo vyote vizima.
Aliniambia huku akila andazi, mdomo umejaa,
kama anayenitajia bei ya uzi.

Sisemi yamekwisha. Vibali vyao vinaisha Machi.
Simu ya baba yao huita, huita, hukatika.
Na shuleni Balkis kamzaba kofi mtoto
aliyemwita binti wa hema, nami nikaitwa,
nikaomba radhi nisiyoimaanisha.

Ila jana kaingia mteja mwenye haraka,
akagonga meza, akauliza kwa Kiarabu:
huyu binti wa nani?
Balkis, pini mdomoni, hakuinua macho.
Akamjibu kwa Kipemba
kilichonyooka kuliko changu:

"Ngoja. N'nahesabu."