Mstari wa Mia Mbili na Kumi na Nne

Ghorofa ya tatu, Ruwi, juu ya mafundi cherehani,
saa sita na nusu za usiku. Joto bado
limeegemea kioo kama mtu aliyekuja kudai.
Kiyoyozi kinakohoa. Chai yangu ya karaki imeshika utando.
Mbele yangu, laha ya mitindo ya duka la halua la Barka:
mistari elfu mbili na mia nane,
niliyorithishwa bila wosia.

Nimefungua programu mpya, ile iliyonunuliwa na ofisi.
Ina adabu, sisemi uongo.
Ukigusa neno, inakuchorea masanduku:
la chungwa ni nafasi ya nje, majirani wasigusane;
la kijani ni nafasi ya ndani, neno lipate pumzi;
katikati buluu, kilichomo.
Nikivuta kidole, zafarani inakolea.
Nikirudisha, inapauka kama mchuzi ulioongezwa maji.
Yote papo hapo. Ila ni ya dirishani tu:
usipohifadhi, ukurasa ukafunguka upya,
hukushona kitu.

Bwana Humaid anataka Kiarabu kianzie kulia,
Kiingereza kushoto, na bakuli la halua lisihame.
Mimi kwetu Mabela nasema Kiswahili na mama,
Kiarabu na jirani, Kiingereza na mashine;
kugeuzwageuzwa hakunitishi.
Bibi aliandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu,
nyuma ya risiti za umeme,
na hakuna nukta yake iliyopotea njia.
Yangu leo imerukia mwanzo wa sentensi,
imekaa pale kama mgeni aliyekosea harusi.

Programu inakagua. Inauliza, kwa upole wa karani:
*Sheria mia saba hazitumiki. Nizifute?*

Zilikuwa za Sajeev.
Alikalia kiti hiki miaka sita. Viza ikaisha,
akaaga kwa sanduku moja na televisheni iliyofungwa blanketi.
Kiti wakakiwekea printa, hadi nilipokuja mimi.
Kila mstari wa tatu alibandika neno *muhimu* na alama ya mshangao,
laha nzima ikawa nyumba ya wapiga kelele
anamoshinda aliyesema mwisho.
Na katikati ya sheria alijiandikia maneno
ambayo kivinjari hakiyasomi.

Mstari wa tisini: *Bosi anataka kijani. Nilikataa. Ni kijani.*
Mstari wa mia na sitini: *Idi. Nipo peke yangu. Taa ya lifti imekufa.*
Mstari wa mia na sabini: *Mtoto ameanza kutembea. Nimeona kwa simu.*
Chini yake, unene wa mpaka wa kitufe.

Nilifuta. Kazi ni kazi.
Mia moja, mia tatu, laha ikawa nyepesi,
nikaona raha ile ya kufagia chini ya kitanda.
Hadi mia mbili na kumi na nne:
*Usiguse. Sijui kwa nini inafanya kazi.*
Sheria yenyewe inasogeza menyu nukta tatu, basi.
Programu imeipaka wekundu: haitumiki.

Nikaifuta.
Kwenye skrini hakikutikisika kitu.
Nikajaribu kompyuta ya pili. Kimya.
Kisha nikatoa simu kuukuu kwenye droo,
yenye ufa kutoka pembe hadi pembe,
ndugu ya ile anayotumia Bwana Humaid.
Menyu yote, bei, anwani, saa za kufungua,
ilikuwa imetumbukia ndani ya bakuli la halua.

Nilicheka peke yangu, ofisi tupu, hadi macho yakalowa,
na sijui yote yalikuwa ya kicheko.
Nikairudisha, herufi kwa herufi, na onyo lake.
Chini yake nikaongeza mstari wangu:
*Mimi pia sijui. Zuweina.*

Nikahifadhi.
Mara mbili, kwa woga.