Vua Pete

"Vua pete," alisema mama mkwe kutoka kitini,
blanketi magotini, mkono wa kulia umemlalia pajani
tangu kiharusi, kama paka asiyeitikia jina lake.
"Strudeli haitaki dhahabu. Pete ikibaki, unga unachanika."

Nikamwonyesha kidole.
Kitupu tangu Machi.
Akageukia dirisha. Nje, theluji ya Szeged ilikuwa imechafuka,
na tramu namba moja, ninayoiendesha siku za zamu,
ikapita na kengele yake, ikasema kwa niaba yetu.

Huyu ni mama wa mwanamume aliyeondoka.
Mwanawe alibeba redio, baiskeli, na koti lile zuri;
mama hakumbeba. Nami sikuuliza.
Hospitalini, penye karatasi pameandikwa "uhusiano na mgonjwa",
kalamu ilisita kidogo, kisha nikaandika: wangu.

Basi. Unga, maji ya uvuguvugu, mafuta, chumvi, tone la siki.
"Ubamize mezani." Nikaubamiza.
"Mara mia." Nilipofika arobaini, jirani wa chini, Bwana Zsigmond,
akagonga dari yake kwa ufagio.
"Huyo hata chai hunywa bila sukari. Endelea."
Nikaulaza chini ya sufuria yenye joto, nusu saa,
kama mtoto aliyelia hadi akachoka.

Kisha kitambaa juu ya meza, na migongo ya mikono:
vuta, zunguka, vuta, zunguka,
usitumie vidole, vidole vina uchoyo,
mpaka meza ikamezwa na kitu
kisichokuwa unga tena, wala hewa bado.
"Lete bili ya umeme," akasema.
Hicho ndicho kipimo chake: bili iwekwe chini, isomeke.
Nikasoma jina. Nikasoma mtaa.
Nilipofika kwenye deni
unga ukatoboka.

Tobo la upana wa kiganja.
Nikalia, nakiri, nikililia ngano na maji.

Boroka, miaka sita, alikuwa amechoka kungoja.
Akasogeza kigoda hadi jikoni kwenye moto.
"Mimi nataka ile rahisi."
Ile rahisi: maziwa, chenga za ngano, sukari, kakao juu.
Dakika saba. Haihitaji bibi, haihitaji bili.
Lakini ukigeuza shingo tu, inafanya madonge,
kwa hiyo nilisimama na mwiko, machozi yakijikaukia,
nikikoroga, sina pa kwenda.
Anayeiita rahisi hajawahi kuikoroga akiwa na haraka.

Mkono mtupu haulambwi;
wa Boroka ulilambwa hadi kwenye kiwiko.

Nyuma yangu nikasikia kiti kikilia.
Mama Etelka amesimama. Kwa mkono mmoja, ule wa kushoto,
anatawanya matofaa, zabibu kavu, mdalasini,
chenga za mkate zilizokaangwa kwa siagi,
na anapita juu ya tobo bila kulitazama.
"Litakunjwa ndani," akasema. "Zote zina matobo.
Ya harusi yangu ilikuwa na matatu."
Akashika pindo moja la kitambaa, nami la pili,
tukainua,
na kile kitu kikajiviringisha chenyewe
kama mtu anayegeuka usingizini.

Harufu ilishuka ngazi kabla yetu.
Saa moja baadaye mlango ukabishwa:
Bwana Zsigmond, bila ufagio, ameshika sahani,
anasema amekuja kuuliza kuhusu kelele.
Alikula vipande vitatu. Kelele hakuitaja tena.

Boroka hakuionja. Alishashiba.

Jumatatu nilienda posta kulipa ile bili.
Ilikuwa na doa la siagi katikati, unaona mpaka upande wa pili.
Karani aliiinua kwenye mwanga,
akainusa kwanza,
ndipo akapiga muhuri.