Usiku Hauna Tarehe Mbili

Tsiuri Khelaia, mfamasia mstaafu wa Kutaisi,
alikuja darasani na penseli, karatasi ya miraba,
na swali alilokuwa nalo tangu Januari.

Tovuti yake ilikuwa ukurasa mmoja tu:
duka gani la dawa liko zamu usiku wa leo.
Kila jioni alifuta jina, akaandika jingine,
kama mtu anayegeuza kibao mlangoni.
Siku aliyoshikwa na homa, kibao hakikugeuka.
Saa nane za usiku, ng'ambo ya mto Rioni,
baba mmoja alisimama na mtoto mwenye pumu
mbele ya mlango uliofungwa. Akabisha. Akabisha.
Na simu mkononi mwake ikashikilia: ni hapa.

"Ukurasa haukudanganya," nilimwambia, "ulikariri.
Faili lililolala kwenye seva ni kasuku,
humrudishia kila ajaye
neno la mwisho alilofundishwa."

Hakucheka. Nikaanza upya.

Kivinjari kinapiga hodi, basi.
Nyuma ya mlango, chumbani asikoona mgeni,
muweke asiyelala: huo msimbo wako.
Asikie hodi, atazame saa,
afungue daftari, yaani hifadhidata,
apitishe kidole hadi mstari wa leo,
kisha aandike ukurasa palepale,
wino mbichi, kwa ajili ya huyu mmoja,
aupenyeze chini ya mlango,
na asahau.

"Akibisha mwingine?"
Anaandika mwingine.
"Usiku kucha?"
Usiku kucha, na hadai posho.

Wiki tatu aliandika na kufuta.
Nukta-mkato moja iliyopotea ilimgharimu Jumapili nzima.
Alinung'unika kwamba dawa yenye sumu
angalau huandikwa sumu kwenye chupa.
Adhuhuri moja ukurasa ukajibu sawasawa,
tukapigiana makofi, mimi wa kwanza.

Usiku huohuo akanipigia, saa sita na dakika tano.
"Mwalimu, inataja duka la kesho."
Nikamwambia tarehe imegeuka, mashine iko sahihi.
Akanyamaza kidogo.
"Miaka thelathini nimekesha nyuma ya kaunta ile.
Niliingia jioni, nikatoka saa mbili asubuhi,
na hakuna aliyekuja saa sita kunipokea
eti kalenda imegeuka.
Usiku hauna tarehe mbili."

Mimi, mwenye vyeti ukutani, sikuwa na jibu.
Tukaongeza mstari, yeye akitamka, mimi nikiandika:
*kama saa mbili asubuhi haijafika,
rudi nyuma siku moja.*
Ni huo tu. Mstari uliojua
kitu ambacho saa ya seva haikukijua.

Machi, theluji ikiwa bado kwenye paa la soko,
alinipigia tena, safari hii alfajiri.
Msimbo husahau, lakini seva ina kitabu cha wageni,
na Tsiuri alikuwa amejifunza kukisoma.
Saa nane na dakika kumi na moja: hodi moja.
Mbele yake mashine imeandika 200,
ambayo kwa lugha yake ni *karibu*.

Nani? Hajui. Kitabu hakitaji majina.
Alinisomea mstari ule mara mbili,
polepole, kama asomavyo kipimo cha dawa,
akakata simu bila kuaga.