Nusu Yangu

Nilizidisha robo.
Robo ya mzunguko tu, alenki mkononi,
saa tano asubuhi, Keko, fukuto la Machi,
jirani akipulizia vanishi makochi ya mtu wa Mbagala.
Ndani ya shingo kitu kikasema *tak*,
si kwa nguvu,
kama mtu wa chumba cha pili
aliyevunja kijiti cha kuchokolea meno.
Halafu nati ikazunguka bure,
laini, bila ubishi,
na hapo nikajua: kisichobisha kimekufa.

Galatoni ya Sikitu, muuguzi wa Temeke.
Ilikuwa ya mjomba wake, aliyepiga ridhimu
kwenye bendi ambayo leo haikumbukwi
ila na wanaoidai.
Aliileta imefungwa kwenye shuka la wodini.
"Shingo imepinda kidogo, fundi. Ninyooshee.
Sina haraka. Ila usinidanganye."
Sijui kwa nini aliongeza hilo la mwisho.
Labda huwaambia mafundi wote.
Labda na madaktari.

Usiku ule nilijigeuza kitandani nikipanga maneno.
Ningeweza kufunga nyuzi nyembamba,
nikamwambia magitaa ya kale ndivyo yalivyo.
Ningeweza kumsingizia marehemu.
Marehemu hana simu.

Asubuhi nikaomba pasi ya mke wangu,
nikailaza juu ya ubao wa vidole,
kitambaa chenye unyevu katikati,
na kisu cha siagi kikitafuta gundi iliyochoka.
Umeme ukakatika tukiwa freti ya saba.
Nikabaki hivyo, kisu ndani ya shingo ya mtu,
sithubutu kukichomoa, sithubutu kukisukuma.
Ulirudi saa tisa.
Ubao ukaachia kwa mguno,
ukatoa harufu ya sigara na kabati.

Chuma kilikuwa pale kwenye mfereji wake,
chembamba, hakishindi penseli.
Nikavitoa vipande viwili, nikavipeleka juani,
nikatazama pale kilipokatikia.
Nusu nyeusi, kutu ya miaka na miaka.
Nusu inang'aa kama jino jipya.

Ilinichukua muda kuelewa.
Kuna fundi kabla yangu, Ilala au Morogoro, sijui,
naye alizidisha robo,
akasikia kitu, akanyamaza, akapokea hela.
Na mjomba akapiga miaka yote ile
juu ya nusu ya chuma:
harusi za Magomeni, vipaimara,
usiku wa bendi kulipwa kwa soda.
Nusu, na ikashika.
Ilishika mpaka nilipokuja mimi.

Gerezani, Chande akanikerezea kingine
kutoka shafti ya pikipiki.
"Nipige uzi namba ngapi?"
"Sita."
"Pikipiki gani hii?"
"Haina magurudumu. Ina nyuzi."
Akacheka, akamwaga oili, mashine ikalia.

Sikitu alikuja Jumamosi, sare bado mwilini,
macho mekundu ya zamu ya usiku.
Ningempa gitaa tu, akaenda.
Shingo ilikuwa imenyooka; nilikuwa nimeitazama
kwa jicho moja, kama mlenga shabaha.
Badala yake nikamwekea vile vipande kiganjani.
"Huu weusi si wangu," nikasema.
"Hapa panapong'aa ni mimi."

Akaviunganisha. Akaviachanisha.
Akaviunganisha tena, taratibu,
kama anayetafuta mfupa ulipovunjikia.
Hakusema amenisamehe. Aliuliza bei.
Nikamtajia nusu.
Akahesabu noti mara mbili, asiongeze, asipunguze,
vipande akavitia mfuko wa sare
pamoja na kipimajoto.

Hajui kupiga. Alipofika mlangoni
akagusa uzi mnene kwa ukucha, mara moja.
Ukaita, ukaendelea kuita.
Jirani akazima kompresa, akachungulia,
akidhani kuna aliyemwita.